Tawi la Kapteni

Barua ilifika Jumatano moja ya Februari, mwaka wa tisini na sita, baridi ya kukausha mate mdomoni. Kezia Fuller aliisomea pale pale chini kwenye visanduku vya barua, kofia kichwani na glavu kwapani, maana bahasha iliyoandikwa kwa mkono haikuwa jambo la kila siku. Bili huja kwa taipu. Mwandiko wa mtu ni habari ya mtu, na habari ya mtu haingoji lifti.

Ilianza kwa kumwita binamu mpendwa, na Kezia akacheka peke yake mpaka bwana mmoja Mtamil wa ghorofa ya nne akageuka kumtazama. Mwandishi alijitambulisha kwa jina la Wendell Fuller, wa Oshawa, hapa hapa Kanada. Miaka thelathini na moja alikuwa akipeleka barua za watu mlango kwa mlango, sasa amestaafu na ameanza kuandika zake. Alikuwa akiwatafuta kina Fuller wote wa dunia, wa Uingereza na Ayalandi, wa Amerika, wa Australia, hata wa Jamaika, awapange kwenye chati moja, kila mtu na tawi lake. Jina la K. Fuller, Scarborough, alikuwa amelikuta katika kitabu cha simu. Aliuliza kwa adabu: je, binamu ni wa tawi gani?

Maskini, hakujua anamwandikia nani. Alidhani ni bibi mweupe mwenye paka.

Kezia alipanda nayo mpaka ghorofa ya kumi na moja akamsomea babake, akitaraji wacheke pamoja. Mzee Ezra Fuller hakucheka. Alikuwa na miaka themanini na miwili, macho yake yameingia ukungu, hata kitabu chake cha ibada alikuwa akikifungua kwa mazoea tu, kwa sababu maneno yote yalikuwa kichwani. Aliketi wima kwenye kochi, akavuta fulana yake ya sufi ikakaa sawa, akasema, "Mjibu. Mwambie sisi ni tawi la Kapteni."

Sasa hadithi ya Kapteni, kila aliyezaliwa kwa kina Fula wa Kengeleni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, aliinyonya pamoja na maziwa. Fula ndivyo walivyoitwa na majirani, na watoto wa shule, ambao hawana dini, wakamwita Kezia Fulana. Manowari ya Kiingereza ilikamata jahazi la watumwa. Watoto walioopolewa humo wakaletwa misheni. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka kama saba, anatetemeka, hasemi. Kapteni akavua koti lake akamfunika, na karani alipouliza huyu ni nani, Kapteni akajibu, "Andika Fuller. Huyu ni wangu." Misheni ikambatiza Yohana. Koti la manowari katika joto la Mombasa, jamani! Lakini hadithi ya wazee haiulizwi hali ya hewa, na kila Krismasi baada ya kanisa Mzee Ezra alisimama akaihadithia, na kila Krismasi lile koti likawa zito zaidi.

Yohana huyo alikuwa babu yake Mzee Ezra, na Ezra alimkuta hai. Alikuwa seremala, mtu mpole, mzito wa masikio. Umwite mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu ndiyo hugeuka akasema, "Naam." Nyumba nzima walizoea kumwita mara tatu tatu, na wakwe wakaigeuza mzaha. Ukimuuliza kwao wapi, alisema kwao ni hapa, akaendelea kupiga randa.

Kwa Kezia, Kapteni hakuwa hadithi ya Krismasi peke yake. Alikuwa na deni naye, deni la heshima, na lazima nilieleze hapa kwa sababu ndilo lililomfunga ulimi baadaye. Mwaka wa sitini na nane alipata mimba hajaolewa. Babake mtoto alikuwa mtu fulani tu, jina lake sitalitia kinywani. Wazee wa kanisa walikaa, wakakunja nyuso, wakasema mtoto asiye na jina la baba hatabatizwa mbele ya watu, aletwe siku ya kazi kupitia mlango wa nyuma. Ndipo Ezra Fuller, msomaji wa kanisa, mtu wa kufuata kanuni mpaka nukta ya mwisho, aliposimama akasema: "Kapteni alimpa jina lake mtoto asiye wake. Mimi nimnyime wa damu yangu?" Mtoto akabatizwa Jumapili, kengele ikilia, akaandikwa Amos Fuller. Kezia alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliona kwamba mzungu mmoja aliyekufa zamani, wala hamjui, ndiye aliyemsitiri mbele ya watu.

Amos alikuja Kanada na mamake akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na ishirini na minane, anafanya kazi katika ghala la mizigo huko Brampton, anakaa na mkewe Ariane, binti wa Bujumbura, katika vyumba vya chini vya nyumba ya watu. Ariane alikuwa mjamzito, mtoto anatarajiwa Mei. Na Amos alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatabeba jina la Fuller.

Kiswahili Amos alikisikia chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku. Methali moja tu aliyokuwa nayo aliitoa kwenye kanga ya mamake mwenyewe, aliyoitundika ukutani kule Brampton: Mwacha asili ni mtumwa. Aliitamka kwa ulimi wa Toronto, lakini alijua anachosema. Fuller, alisema, ni jina la mnada, ni alama ya mwenye mali, na haijalishi kama mwenye mali alikuwa na koti. Yule mvulana alikuja na jina. Alitaka hilo. Kama halipatikani, mtoto ataandikwa kwa jina la babake Ariane, jina lenye kilima chake na makaburi yake kule Burundi. Mzee Ezra alijibu kwa methali yake, kwamba jina jema hung'ara gizani. Amos ndiye mwanamume pekee aliyebaki. Akiliacha jina, limekwisha.

Basi Kezia akamjibu yule mtu wa posta. Aliandika kila kitu waziwazi, manowari na jahazi na misheni, akatia na picha ndogo ya babake, ili mgeni asije akapata mshituko mlangoni.

Wendell Fuller alikuja Jumamosi ya Machi na chati yake imeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi. Alikuwa mrefu, amepinda bega la kushoto kwa ajili ya mkoba wa barua wa miaka yote ile, na masikio mekundu kwa baridi. Alisimama mlangoni kidogo. Mzee Ezra alikuwa amevaa suti ya ubatizo wa Amos, akanyoosha mikono miwili akasema kwa Kiingereza chake cha misheni, "Karibu nyumbani, ndugu yangu." Na yule mtu, mkisikia uongo muulizeni Ariane alikuwapo, alitokwa na machozi. Alikuwa mjane, hana mtoto. Ndugu wote aliowapata mpaka siku ile aliwapata makaburini.

Walimlisha mahamri na mbaazi. Chati ikatandazwa sakafuni, ikazuiwa pembeni kwa vikombe, na Mzee Ezra akaomba aelezwe kila tawi limekaa wapi, akipapasa karatasi kwa kidole. Kapteni Fuller bado hakuwamo. Wendell alikiri hajawahi kumwona popote, lakini akaahidi kuandika Uingereza, kwenye nyaraka za manowari na za misheni, yeye barua hazimshindi. Amos, aliyekuwa ameegemea friji mikono kifuani muda wote, akamwambia jambo moja tu: amtafutie jina alilokuja nalo yule mvulana. Wendell akaliandika kwenye daftari, akalipigia mstari.

Kisha Mzee alipochangamka akatoa kile kisa chake cha zamani, kwa Kiswahili, maana hakina Kiingereza. Alipofanywa msomaji wa kanisa ana miaka ishirini, maziko yake ya kwanza kabisa, kitabu mkononi, macho hayatoki kwenye ukurasa, alifika pale panapotajwa marehemu, akasoma kama palivyoandikwa: tunamrudisha ardhini ndugu yetu fulani. Mjane akapaza sauti toka nyuma, "Fulani nani? Mume wangu ana jina!" Watu wakacheka kaburini, na katekista akamfinya mkono mpaka ukavilia damu. Ariane alicheka akashika tumbo. Hata Amos alitabasamu. Wendell aliuliza kuna nini, Kezia akaanza kumfasiria, akakwama, akamwambia basi tu, ni kichekesho cha kanisa. Mgeni akatabasamu kwa adabu, akachukua hamri jingine.

Majibu yalikuja Aprili. Wendell alimpigia Kezia simu kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee alikofanya kazi, akaomba waonane wao wawili kwanza. Walikutana kwenye duka la kahawa katika vile viduka vya barabarani, saa nane mchana, Kezia bado na sare yake na harufu ya sabuni. Wendell hakugusa kahawa yake. Alianza na habari mbaya, kama mtu mwungwana. Hapakuwa na Kapteni Fuller. Manowari ile ilijulikana, mwaka wake na mwezi wake, na kapteni wake alikuwa na jina jingine kabisa. Hakuna Fuller hata mmoja katika mabaharia wake, wala mpishi. Alisema pole mara mbili.

Lakini, akasema, na masikio yake yakawaka, habari njema ilikuwapo. Akamsogezea karatasi mbili zilizopigwa fotokopi. Ya kwanza ilikuwa orodha ya walioopolewa, watu arobaini na tisa, wamepewa namba. Ya pili ilikuwa daftari la misheni, miezi miwili baadaye. Katika daftari, namba arobaini na tatu ameandikwa Fuller. Katika orodha ya melini, namba hiyo hiyo, mvulana, miaka saba, ameandikwa kwa mwandiko wa kulala: Foolany.

Wendell alikuwa ameshakwenda maktaba. Alitoa kijitabu chenye picha ya wachungaji wa ng'ombe wenye kofia za majani, wa Nijeria na pande hizo, akamwonyesha kwa furaha. Wafulani! Ndiyo asili yenu, alimwambia. Jinsi mtoto yule alivyovuka Afrika nzima mpaka bahari ya mashariki hakujua, lakini jina lilikuwa hilo, na si yeye tu, walikuwa wengi melini. Alikuwa amewahesabu. Kumi na mmoja.

Kezia hakutazama picha. Alipitisha kidole kwenye orodha. Songoro. Mabruki. Faraji. Foolany. Zafarani. Foolany. Foolany. Msichana, miaka minne, Foolany. Alimwona karani na kalamu yake, na mkalimani wa pwani kando yake, jua limewachosha wote wawili, wanauliza jina lako nani, na mtoto anawatazama tu. Wanauliza tena. Mtoto hasemi. Mkalimani anatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi: fulani tu, endelea. Na karani, ambaye hajui neno, anaandika alichosikia. Halafu misheni, karani mwingine, naye Mwingereza, akaona Foolany, akadhani mwenzake hajui tahajia, akamsahihishia.

Kapteni hakuwapo, koti halikuwapo, na jina la babake, alilosimama nalo kanisani, alilomsitiria yeye na mtoto wake, lilikuwa neno la mtu asiye na haja ya kujua wewe ni nani. Wendell aliuliza kama amefurahi. Kezia alimwambia ahsante sana, umejisumbua sana, akazikunja zile karatasi mara nne akazitia mkobani. Hakuwa na nguvu ya kumfundisha Kiswahili siku ile. Alipanda basi la barabara ya Lawrence, akapitiliza kituo chake, ikabidi arudi kwa miguu kwenye theluji iliyoanza kuwa tope.

Mzee Ezra alikuwa anangoja mlangoni, maana mtu wa posta alikuwa amepiga kwanza nyumbani asubuhi kumuulizia Kezia, na hakuna aliyemwambia Mzee chochote. Alimwomba amsomee. Kezia alikaa kando yake na koti lake mwilini, akafungua karatasi, akasoma: namba arobaini na tatu, mvulana, miaka saba, jina, Fuller.

"Na Kapteni?"

"Yupo, Baba."

Uongo wa pili hutoka mwepesi kuliko wa kwanza. Mzee alishusha pumzi ndefu, akafunga macho yake yasiyoona, akasema alijua siku zote. Akataka karatasi isomwe mbele ya mtoto akizaliwa, asikie kwao. Kezia aliificha nyuma ya kopo la unga wa ugali. Amos alipopiga simu kuuliza jina la asili, alimwambia halikupatikana. Amos akasema sawa. Alisema sawa kwa upole, na huo upole ulimuuma mamake kuliko kelele zake zote.

Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya Mei, msichana, kilo tatu na nusu, sauti ya tarumbeta. Siku ya tisa wakamleta Scarborough kwa gari. Amos alikuja pia na fomu ya kuandikisha mtoto, imejazwa yote isipokuwa nafasi moja, na kalamu mfukoni. Alitaka kuijaza mbele ya babu yake, si nyuma ya mgongo wake. Nampa heshima yake kwa hilo. Kezia alijua ni jina gani linaingia pale, na Mzee naye alijua, hakuwa mtu wa kufichwa. Alimpokea kitukuu kwenye mapaja, akampapasa uso kwa vidole, paji, pua, kidevu, akasema, "Kezia, lete ile karatasi. Msomee huyu, mwenzake yule mvulana."

Kezia akaileta. Alisimama katikati ya sebule, jua la saa tisa limeingia kupitia dirisha la baraza, Ariane kwenye kiti, Amos kwenye friji yake. Akafungua mdomo. Alitaka kusoma kama alivyosoma kwanza, neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini mtoto alikuwa amegeuza uso upande wake, siku tisa duniani, hajaandikwa popote, hana jina la ukoo bado, na Kezia akaona hawezi. Kumdanganya mzee kwa mapenzi, hilo aliliweza. Kumsomea huyu jina la uongo, kama walivyomwandikia yule, lilimshinda.

"Baba, nilikudanganya," alisema.

Akawaambia yote, kwa Kiswahili, mpaka mwisho, wale kumi na mmoja na yule msichana wa miaka minne, na Kapteni aliyekuwa na jina jingine. Hakupamba kitu. Alipolitamka lile neno, Ariane alishika mdomo. Mzee Ezra aliuliza linaandikwaje, Kezia akamtajia herufi moja moja. Akauliza tena, na Kezia akarudia.

Amos ndiye aliyesema kwanza, kwa Kiingereza: kwa hiyo jina letu maana yake ni hakuna mtu.

"La," Mzee alisema. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Wewe hukufinywa na katekista, ndiyo maana hujui. Kitabu kikisema fulani, husomi fulani. Unainua macho, unamtazama aliye mbele yako, unasoma jina lake. Fulani ni mahali pa jina. Yule karani hakuinua macho."

Ndipo Mzee alipokunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, na midomo ikaanza kumcheza.

"Mtoto wa miaka saba analijua jina lake," alisema. "Mamake alimwita nalo kila siku. Alilijua. Hakuwapa." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Kezia hakuwahi kuisikia kwake: "Babu hakuwa kiziwi."

Akalia. Alilia kama wanavyolia wazee, bila sauti, machozi yanafuata mikunjo mpaka shingoni, na mtoto akaendelea kulala mapajani pake. Miaka sitini na zaidi alikuwa amemcheka babu yake pamoja na wakwe, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, na kumbe yule seremala alikuwa akingoja aone kama safari hii wataita lile jingine.

Kezia alipiga magoti mbele yake. Alitaka amsamehe, na lililomkaa rohoni likatoka hivi hivi, bila kupangwa. Alimwambia ile siku ya kanisani, ya Amos, babake alisimama kwa sababu ya Kapteni. Na Kapteni hakuwapo.

Mzee alifikiri. Alifuta uso kwa kiganja. "Nilisema Kapteni," alikubali. "Niliwaogopa wale wazee, nikatafuta mtu wa kusimama nyuma yake." Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe nilisimama peke yangu."

Alilisema kwa mshangao tu, bila majivuno, kama mtu aliyekuta mfukoni kitu alichodhani aliazima, nacho kumbe ni chake. Kezia aliweka kichwa kwenye goti lake, pembeni ya miguu ya mtoto, akalia kilio alichokuwa nacho tangu mwaka wa sitini na nane.

Amos alitoka kwenye friji. Alikaa chini sakafuni, pale pale palipotandazwa chati mwezi Machi, akaweka fomu kwenye goti, akatoa kalamu. Alimtazama mkewe, na Ariane akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema kwa Kiswahili, kimevunjikavunjika lakini ni Kiswahili, "Babu, niandike nani?"

"Mimi naitwa nani?"

"Ezra Fuller."

"Basi."

Amos akaandika. Nafasi ya jina la kwanza walikuwa wameshaijaza, Keza, kwa lugha ya kina Ariane ni uzuri, na pia kwa kumheshimu bibi yake, maana majina yanakaribiana. Jina la mwisho akaliandika taratibu, herufi kubwa, kama mtu anayeliandika mara ya kwanza.

Jumatatu yake Kezia alimpigia simu Wendell. Alimwambia habari ya Wafulani ilivyo, kwamba wale kumi na mmoja hawakuwahi kuchunga ng'ombe Nijeria, na safari hii alijilazimisha kukitafsiri kile kisa cha maziko mpaka mwisho, mjane na katekista na yote. Kisha Wendell alisema ameaibika sana. Kezia akamwambia aache hayo, angejuaje, na baba anauliza lini atakuja tena kula mahamri, kuna mtoto wa kumwona. Wendell akasema atakuja Jumamosi. Akakohoa. Alikuwa na chati mbele yake, alisema, na kalamu, na tawi lao ameliweka mahali pake, Keza chini, Amos, Kezia, Ezra, mpaka Yohana. Ila hakujua aandike nini juu kabisa, kwenye kile kisanduku cha kwanza, cha jina alilokuja nalo mvulana. Aweke alama ya kuuliza? Au akifute?

"Usikifute," Kezia alimwambia. "Kiache wazi. Kina mwenyewe."